Mradi Ulipita Kwenye Karatasi, Sasa Unakwama: Dalili na Vyanzo Vyake

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye pesa zake zimeshatoka au ziko mlangoni kutoka. Amenunua mashine, anajenga ghala, ameagiza lori, na kuna kitu hakiendi. Nimeupanga kwa dalili kwa sababu hakuna mwenye kiwanda anayeamka asubuhi akasema kiwango chake cha punguzo, yaani asilimia ya kurudisha pesa za kesho kwenye thamani ya leo, kilikosewa. Anasema akaunti imekauka na mishahara ni Ijumaa. Dalili huonekana benki, lakini chanzo mara nyingi kimejificha kwenye mstari mmoja wa andiko la mradi ambao hakuna aliyewahi kuujaribu. Kazi yetu ni kuutafuta huo mstari.

Ili hesabu zifuatike, nitatumia mfano mmoja: kiwanda kidogo cha kukamua alizeti Singida. Namba nimezitunga kwa ajili ya mfano. Mashine, banda na kuingiza umeme vinagharimu shilingi milioni 120. Pesa inayobaki mkononi kila mwaka, baada ya gharama zote na kodi, ni milioni 40, kwa miaka 5. Mwenye mradi anataka mtaji wake umpe angalau asilimia 18 kwa mwaka. Hizo milioni 40 za kila mwaka, ukizirudisha kwenye thamani ya leo kwa asilimia 18, zinakuwa kama milioni 125. Toa 120, inabaki 5. Hiyo ndiyo thamani halisi ya sasa, ambayo wahasibu huiita NPV, na kwa kuwa ni chanya mradi unapita. Mtaji wenyewe unarudi ndani ya miaka 3. Kikao kinafungwa, soda zinaletwa.

Dalili ya kwanza: vitabu vinaonyesha faida, benki hamna kitu

Hii ndiyo dalili inayoleta watu wengi kuliko nyingine zote, na mshukiwa wa kwanza ni mtaji wa kuendeshea.

Alizeti ni zao la msimu. Nyingi ya Singida na Dodoma hutoka kati ya Mei na Agosti, bei ikiwa chini, kisha bei hupanda kadiri maghala yanavyopungua. Mkamuaji anayenunua gunia moja moja mwaka mzima hufika Desemba akiwa na mambo mawili tu ya kuchagua: kuzima mashine au kununua kwa bei ya walanguzi. Kwa hiyo lazima anunue akiba wakati wa mavuno. Tuseme akiba hiyo ni milioni 60. Kwenye andiko la mradi haimo kabisa, maana aliyeandika alihesabu vitu vinavyofungwa kwa bolti.

Iingize sasa. Mtaji wa kuanzia unakuwa milioni 180. Hizo 60 hazijapotea, utazipata mwisho wa mwaka wa 5 ukiuza akiba ya mwisho, lakini kwa asilimia 18 thamani yake leo ni kama milioni 26. Jumlisha 125 na 26, toa 180: hasi milioni 29. Mradi uleule, mashine ileile, bei ileile ya mafuta. Ili usiwe na hasara unatakiwa kubakiwa na zaidi ya milioni 49 kwa mwaka, wala si 40. Hapo fundi hana kosa, soko halina kosa. Mstari mmoja haukuandikwa.

Kama mtaji wa kuendeshea ulihesabiwa vizuri na bado pesa haionekani, mshukiwa wa pili ni marejesho ya mkopo. Hesabu ya faida na hasara inaonyesha riba tu. Msingi wa mkopo unaolipwa kila mwezi haumo humo, ila pesa yake inatoka. Kiwanda chenye faida ya milioni 3 kwa mwezi na rejesho la msingi la milioni 3.5 kinazama polepole huku mhasibu akiwa na tabasamu. Mshukiwa wa tatu ni wateja wanaochukua mafuta leo na kulipa baada ya siku 60. Wa nne hapendi kutajwa: ada za shule na harusi za ukoo zinazolipwa na akaunti ya kiwanda.

Kuna pia mkanganyiko wa uchakavu. Uchakavu wa mashine hupunguza faida kwenye vitabu bila pesa kutoka, kwa hiyo ukiukata tena kama gharama kwenye mtiririko wa fedha umehesabu mashine mara mbili: mara moja ulipoinunua, mara nyingine kila mwaka. Mhasibu mzuri huhesabu tu kodi inayopungua kwa sababu yake. Lakini kosa hilo hufanya mradi uonekane mbaya kuliko ulivyo, hivyo mara chache ndilo linalokausha akaunti.

Jinsi ya kupima: chukua karatasi moja, miezi 12 kwa upande, na kila mwezi uandike pesa iliyoanza, iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Usiandike mauzo, andika pesa iliyopokelewa. Mwezi wenye salio baya kuliko yote ndio unaokuambia mtaji wa kuendeshea unaotakiwa. Kwa mkamuaji mwezi huo kwa kawaida huwa katikati ya mavuno.

Matibabu yapo. Mojawapo ni kukamua kwa malipo: mkulima analeta alizeti yake, unamkamulia, analipa fedha au anakuachia mashudu, nawe hufungi shilingi kwenye akiba. Faida kwa gunia ni ndogo, lakini mtaji unaohitajika unashuka sana. Nyingine ni mkopo wa msimu unaolipwa mauzo yanapoingia, ukiwa tofauti na mkopo wa mashine. Kuchanganya hiyo mikopo miwili ni kujitafutia balaa.

Dalili ya pili: kila mradi unaoletwa mezani unalipa

Hii haionekani kama ugonjwa, ndiyo maana inaua kimyakimya. Kama katika kampuni yako kila andiko linaonyesha NPV chanya, hesabu zinafanywa kinyumenyume: uamuzi umeshatolewa, namba zinatafutwa za kuusindikiza.

Kipimo chake ni kutafuta namba inayoubeba mradi. Katika mfano wetu wa kwanza, kabla ya akiba kuingizwa, milioni 120 kwa asilimia 18 zinahitaji milioni 38.4 kwa mwaka ili kufika sifuri. Andiko lilisema 40. Nafasi yote ya kukosea ni asilimia 4! Mvua ikichelewa, umeme ukikatika wiki tatu, au Serikali ikipunguza ushuru wa mafuta ya kula kutoka nje kwenye bajeti ya Juni, nafasi hiyo imeisha. Mtu akikuletea andiko, usimwulize NPV ni kiasi gani. Mwulize: bei ishuke kwa kiasi gani ndipo mradi ufe? Akikosa jibu, hajaufanyia kazi.

Kipimo cha pili ni kutoka nje. Badala ya kukadiria mradi wako kwa kuuangalia ndani, tazama miradi ya aina hiyohiyo ilivyokwenda. Mtafiti wa Denmark, Bent Flyvbjerg, na wenzake walikusanya miradi ya usafiri kutoka nchi nyingi na mwaka 2002 wakaonyesha kwamba reli zilizidi makadirio ya gharama kwa wastani wa asilimia 45 hivi, madaraja na mahandaki asilimia 34, barabara asilimia 20. Nadhani hakuna aliyeketi akasema atapitiliza. Kila mmoja aliamini wake ni tofauti. Wewe huhitaji utafiti wa namna hiyo. Tembelea wakamuaji wengine wa wilaya yako, uwaulize mashine zao zilifanya kazi siku ngapi mwaka jana. Wengi watakwambia, hasa ukienda msimu mashine zimelala.

Dalili ya tatu: bajeti imepita, tarehe inasogea

Watu hulia na bajeti, ila mara nyingi tarehe ndiyo inayouma zaidi. Rudi kwenye mfano: gharama zikizidi kwa asilimia 20, mtaji unakuwa milioni 144 na NPV inashuka hadi hasi 19. Uzalishaji ukichelewa mwaka mmoja tu, bila gharama kuongezeka hata shilingi, zile milioni 125 zinakuwa 106 na NPV inakuwa hasi 14. Na hapo bado sijaongeza mshahara wa mlinzi wala riba inayoendelea kuhesabiwa wakati mashine iko kwenye turubai.

Vyanzo vya kawaida vinajulikana. Andiko lilitumia bei ya profoma ya muuzaji wa mashine bila usafiri wa meli, gharama za bandari, wakala wa forodha, lori la kutoka Dar es Salaam na msingi wa zege wa kuifunga. Umeme wa njia tatu ulihesabiwa kana kwamba upo, kumbe transfoma iko mbali na nguzo zinatakiwa. Au mwenye mradi mwenyewe kila akitembelea eneo anaongeza kitu: ofisi, choo cha wageni, uzio. Huyu wa mwisho hamwoni mtuhumiwa kwa sababu ni yeye.

Tiba ni kufunga mabadiliko. Baada ya BOQ (orodha ya kazi na vifaa pamoja na bei zake) kusainiwa, badiliko lolote liandikwe, liwekewe bei na siku linazoongeza, lisainiwe na mtu anayelipa. Mkandarasi alipwe kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa. Asilipwe kwa tarehe. Ombi la umeme litangulie kununua mashine. Sijui kwa nini jambo hili la mwisho huhitaji kurudiwa kila mwaka, lakini huhitaji.

Dalili ya nne: mashine inafanya kazi nusu ya uwezo wake, au robo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu historia ya uchumi wa Afrika Mashariki imejaa majengo ya namna hii.

Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikiwa na uwezo wa jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa zikikusudiwa kuuzwa Ulaya. Hakikuwahi kufikisha hata asilimia 5 ya uwezo huo, na mwaka 1990 kikafungwa. Jengo lenyewe lilikuwa na kuta za alumini na halikupitisha hewa ya kutosha kwa joto la Morogoro. Hebu waza: NPV ya mradi kama huo ilitegemea mnunuzi wa Ulaya achague kiatu cha Morogoro badala ya cha Italia. Huo ndio ulikuwa mstari. Mitambo ilikuwa ya kisasa.

Kule Ziwa Turkana, Kenya, Norway ilifadhili kiwanda cha kugandisha samaki. Kugandisha samaki kwenye joto lile kulihitaji umeme mwingi na maji safi mengi, vitu viwili ambavyo eneo lile halikuwa navyo, na jamii yenyewe ni ya wafugaji. Kilifanya kazi muda mfupi sana.

Mashine ikilala, fuata mnyororo kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kuna mnunuzi mwenye mkataba au mwenye ahadi ya mdomo? Kama mafuta yanauzika, je, malighafi inafika? Kama malighafi ipo, kuna umeme saa ngapi kwa siku? Kama umeme upo, spea ikivunjika inapatikana wapi, na fundi anayeijua yuko Singida au inabidi asafirishwe? Mahali mnyororo unapokatika ndipo pa kutibu. Kununua mashine ya pili wakati kinachokosekana ni alizeti ni kosa ambalo linashangaza jinsi lilivyo la kawaida. Wakamuaji wa mikoa ya kati hupigania mbegu zilezile kila msimu.

Dalili ya tano: tumeshatia pesa nyingi, hatuwezi kuacha sasa

Sentensi hii ikitamkwa kikaoni, simamisha kikao.

Mfano mkubwa kuliko yote uko Kongwa. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company alipendekeza kwa Serikali ya Uingereza kulima karanga Tanganyika kwa mashine, Uingereza ikiwa na njaa ya mafuta baada ya vita. Ujumbe uliotumwa kukagua ulizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege. Mpango ulikuwa wa zaidi ya ekari milioni 3 kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Mwaka wa kwanza walilenga ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, mvua za Ugogo hazina ahadi, na Wagogo wangeweza kueleza yote mawili kama wangeulizwa. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta, navyo vikavunjika. Kufikia 1948 dalili zote zilikuwa wazi, lakini mradi ulihamishiwa shirika jipya la umma na pesa zikaendelea kumwagwa. Ulipofutwa Januari 1951, hasara iliyoandikwa ilikuwa pauni milioni 36.

Tiba ni hesabu ya kuanzia leo. Tuseme umeshatumia milioni 90 kwenye ghala, kumalizia kunahitaji 50, na likiisha litakubakishia milioni 18 kwa mwaka kwa miaka 5. Kwa asilimia 18, hizo ni kama milioni 56 za leo. Ukitazama mradi mzima ni hasara tupu: umetoa 140 upate 56. Lakini zile 90 zimekwenda, ukimaliza au usipomaliza. Swali ni 50 dhidi ya 56, na jibu ni malizia.

Subiri, kuna swali moja bado. Je, eneo na vifaa, kama vilivyo leo, vinaweza kuuzwa? Kama kuna mtu wa kununua kwa milioni 30, basi kumalizia kunakupa 6 na kuuza kunakupa 30. Uza. Watu wengi wanaojua somo la gharama zilizokwishazama husahau nusu hii ya pili na kumalizia majengo ambayo yangewafaa zaidi wakiwa wameyauza.

Jambo la kiutawala: aliyeanzisha mradi asiachiwe peke yake uamuzi wa kuuendeleza. Na vituo vya kusimama viwekwe mapema, kabla ya mapenzi kuingia. Kwa mfano: kama umeme haujafika kufikia Machi, hatuagizi mashine.

Dalili ya sita: marejesho yanakula kila kinachoingia

Soma mkataba kwanza. Riba ya asilimia 18 inayohesabiwa kwenye salio linalopungua na asilimia 18 ya flati, yaani inayohesabiwa kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi siku ya mwisho, ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Mkopo wa milioni 100 kwa miaka 3 kwa flati unalipa riba ya milioni 54, rejesho la milioni 4.28 kila mwezi. Ukiipima kwa salio linalopungua ni zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka. Mradi uliopita kwa asilimia 18 haupiti kwa 30.

Kisha linganisha muda. Mashine inayorudisha mtaji kwa miaka 3, ikikopewa kwa miezi 18, itakuua hata kama ni mashine nzuri. Omba miezi ya neema inayolingana na muda wa kufunga mashine na msimu wa kwanza.

Na kama mkopo ni wa dola wakati mauzo ni ya shilingi, unacheza mchezo mwingine. Januari 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 124 za Kenya. Januari 2024 ilifika 160 hivi. Miezi miwili baadaye ilikuwa imerudi kwenye 130 na kitu. Deni la dola 100,000 lilitoka milioni 12.4 hadi milioni 16 ndani ya mwaka. Aliyekuwa na rejesho kubwa mwezi ule mbaya hakupata faraja yoyote kutokana na Machi.

Dalili ya saba: hesabu mbili zinapingana

Kipindi cha kurudisha mtaji kinasema mradi A, kiwango cha ndani cha marejesho (asilimia ambayo mradi wenyewe unazalisha kwa mwaka) nacho kinasema A, NPV inasema B. Kama huwezi kufanya miradi yote miwili, fuata NPV. Milioni 10 zinazoleta 14 baada ya mwaka zina marejesho ya asilimia 40. Milioni 100 zinazoleta 125 zina 25. Lakini kwa asilimia 18, ya kwanza inakuongezea milioni 1.9 na ya pili 5.9. Asilimia haiendi sokoni. Kipindi cha kurudisha mtaji kina kazi yake mahali ambapo sera hubadilika ghafla, ila kinafumba macho kwa kila kinachotokea baada ya mtaji kurudi.

Kosa moja la kuangalia hapa: riba ya benki tayari imebeba mfumuko wa bei. Ukiitumia kama kiwango cha punguzo kwa mapato uliyoyaandika kwa bei za leo kwa miaka yote 5, umeuonea mradi. Ama upandishe mapato na gharama pamoja na mfumuko, ama utumie kiwango kilichoondolewa mfumuko.

Dalili ya nane: mradi umeisha, hakuna anayejua kama ulilipa

Fungua akaunti ya benki ya mradi peke yake tangu siku ya kwanza, na umpe mhasibu msimbo wake kwenye vitabu. Mwaka mmoja baada ya uzalishaji kuanza, toa andiko la awali kabatini, weka namba halisi pembeni ya kila makadirio: gharama, tarehe, gunia zilizokamuliwa, bei, siku ambazo umeme ulikatika. Mkaguzi asiwe yule aliyelipigania andiko. Tofauti kubwa kuliko zote ipelekwe moja kwa moja kwenye andiko linalofuata. Kama mauzo yalikuwa robo tatu ya yaliyokadiriwa, mwandishi yuleyule akileta mradi wa pili, mauzo yake yakatwe robo kabla hamjaanza kusoma ukurasa wa kwanza.